Jino Bovu Si Bahati Mbaya



Mtoto anapolia usiku akiwa ameshika shavu, huwa tunasema kwa wepesi: "Ameingiwa na mdudu wa jino." Wengine huongeza kwamba mama yake ni mzembe. Maneno hayo yanatufaa sana sisi watu wazima, maana yanamtafuta mkosaji mahali ambapo sisi hatupo.

Hakuna mdudu atoboaye jino kama fukusi atoboavyo hindi. Vilivyopo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi katika ukoga ulioganda juu ya meno. Hivyo hula sukari na kutoa asidi. Enameli, yaani tabaka la nje la jino, ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hata mfupa. Lakini asidi huyayusha madini yake. Mate huizimua asidi ile na kurudisha sehemu ya madini, ila yahitaji nusu saa, pengine saa nzima. Basi mtoto anywaye chai ya sukari mara moja, pamoja na chakula, huyapa mate nafasi ya kutenda kazi. Yule amung'unyaye pipi asubuhi, akanunua barafu ya rangi saa nne, kisha soda jioni, huyapunguzia nafasi hiyo. Nayo enameli haina chembe hai. Ikishatoboka haioti tena.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama ya wanyonge. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, nchini Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata kati ya mlo na mlo, bila ridhaa yao, hata meno ya wengi yakaoza. Waliopewa sukari wakati wa mlo tu hawakudhurika kiasi hicho. Elimu iliyonunuliwa kwa dhuluma kama ile, je, tuifungie kabatini?

Tuitazame Kyela. Nchi hii ya mpunga, ndizi na samaki wa ziwa haikukosa chakula. Kakao yetu huvuka bahari. Na langoni mwa shule mtoto wa mkulima yuleyule huuziwa pipi. Mtaniambia kwamba mama muuza pipi naye anatafuta riziki. Ni kweli, wala simlaumu. Angeweza kuuza karanga au mahindi ya kuchemsha kama angeambiwa hivyo. Nailaumu kamati ya shule inayonyamaza. Natulaumu pia sisi mapadre, ambao kila sherehe ya watoto twawagawia soda na peremende. Nimefanya hivyo miaka mingi, na kupigiwa makofi.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana nusu yake. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30. Tena huyu ni mtoto!

Wako wanaojibu kwamba mswaki watosha. Mswaki na dawa yenye floridi ni msaada mkubwa, la hasha sibishi. Lakini hauwezi kushindana na sukari inayoingia kinywani kutwa nzima.

Wazazi, katika mkutano ujao wa shule ulizeni jambo moja: meza ile iko langoni kwa idhini ya nani?