Pua Haingoji
Wiki hii, kwenye steji ya bodaboda hapa Suna, nimemwona kijana mwenye kinundu kwenye mwanzi wa pua. Helmeti yake, isiyo na kioo, imening'inia kwenye usukani. Mimi pia ninacho, cha kurithi kwa babu, na hicho si ugonjwa. Chake ni cha kuangukia lami. Mfupa wa pua uliovunjika nao haumngoji mwenye shughuli: ndani ya wiki 2 hivi daktari huweza kuurudisha bila kupasua, lakini ukishaunga kombo, huenda akalazimika kuuvunja upya na kukwangua mfupa na gegedu. Sisi tunakanda kwa maji moto, tunameza Panadol, tunarudi barabarani. Huo si ujasiri, ni uzembe. Pua ikigongwa ikaziba, nenda hospitali siku hiyohiyo: damu iliyovilia ndani huua gegedu.