Kiharusi hakisubiri kikao cha familia

Jamani wadau, sisi wa mjini tuna tabia moja inaniudhi. Ukitajwa uganga tu, tunarukia Handeni. Sasa sikilizeni hii. Watafiti waliowahoji watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai kuhusu kiharusi, matokeo yakatoka 2008, walikuta watu wa Dar ndio waliotaja sana majini na kurogwa. Wa Hai, kijijini, walitaja zaidi presha, mafuta na mawazo! Kwa hiyo tuache kuwacheka Wazigua.

Siandiki kuwatetea waganga. Hoja yangu ni muda.

Kiharusi cha kawaida zaidi ni kile cha mshipa kuziba. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna akiba. Sehemu iliyokosa damu kabisa inakufa ndani ya dakika chache. Pembeni yake kuna eneo linalopata damu kidogo kupitia mishipa ya jirani: limezimia, halijafa. Hilo ndilo linalogombewa.

Halafu kuna ukuta. Seli za mishipa midogo ya ubongo zimebanana sana, hazipitishi ovyo vitu vilivyomo kwenye damu. Zikikosa oksijeni, viungio vinaachia, maji yanavuja na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mara nyingi uvimbe unafika kilele kati ya siku ya pili na ya tano. Ndipo unasikia, "Alikuwa anaendelea vizuri, wakamroga tena." Hakuna aliyemroga, ni ukuta umelegea.

Ukuta huohuo ni sababu mojawapo ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze (muda, siyo saa nne na nusu asubuhi). Ukichelewa, damu inarudi kwa nguvu kwenye mishipa inayovuja na inaweza kumwagika ubongoni. Tena haitolewi bila picha ya CT-scan, maana kipo kiharusi kingine cha mshipa kupasuka, na huko dawa hiyo inaweza kuua.

Piga hesabu basi. Mzee ameanguka shambani Sindeni. Pikipiki hadi lami, Korogwe, Segera, Tanga mjini. Mkopo wa IMF wa 2021 ulinunua CT-scan za hospitali za rufaa za mikoa, na hilo nalipongeza. Lakini kikao cha familia kinakula saa mbili kabla gari halijatafutwa! Mmoja anampa vidonge vya presha vya jirani; presha ikishuka ghafla, lile eneo lililozimia linapoteza hata damu kidogo iliyobaki. Mwingine anamnywesha uji wakati hawezi kumeza, uji unaingia mapafuni.

Na sisi tulioko Dar ndio tunaopigiwa simu kutoa uamuzi, kwa kuwa tumesoma na tunatuma pesa. Swali la kwanza liwe dalili zimeanza saa ngapi. La pili, nani ana gari.

Serikali nayo ina deni. Presha ndiyo inayoongoza kuleta kiharusi, na kuipima ni suala la dakika chache tu. Nataka kila zahanati ya Handeni na Korogwe iwe na mashine nzima ya kupimia na vidonge visivyokatika. Hotuba za kila tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, tumeshazisikia za kutosha.