Mbiu ya Mvua Isiishie Ukutani

Enyi ndugu zangu wa Masama, wa mlimani na wa tambarare, nawaandikia nikiwa na ghadhabu ambayo sioni sababu ya kuificha. Katika masika yaliyopita nilikuwa ukingoni mwa mto mmoja wa kwetu, nikaliona gari la abiria likiingia kivukoni hali maji yamekwisha kuwa mekundu kwa udongo, yakivingirisha migomba mizima na mashina yake. Na dereva, kwa kuwa huku chini jua lilikuwa likiwaka, aliwaambia abiria kwamba maji hayo ni ya kupita tu. Gari likalazwa ubavu katikati ya mto. Vijana waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe ndio waliowatoa watu kwa kamba, mmoja mmoja, na mama mmoja alitoka amemng'ata mwanawe ukosi wa shati ili mikono yake miwili ibaki huru kuishika kamba. Jioni yake nilipita penye ofisi moja ya umma, nikachungulia dirishani, nikaiona karatasi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, yenye alama ya rangi ya machungwa, imebandikwa ukutani nyuma ya mlango uliotiwa kufuli tangu Ijumaa.

Sababu za mafuriko hazihitaji maelezo: miti imekatwa, mifongo, ile mifereji yetu ya maji, imezibwa, na nyumba zimejengwa ndani ya zile mita 60 za kando ya mto zilizokatazwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Lililo zito ni taksiri yetu sisi tunaojua na tukanyamaza. Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha, huko Same, ukazika watu zaidi ya 20; Desemba 2023 tope la Mlima Hanang likaua zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani; na Aprili 2024 maji yakalisomba gari la wanafunzi Arusha, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Tulilia, tukachanga, tukazika, kisha tukarejea katika mghafala ule ule.

Nasi tuna dhima isiyo ya watu wengine. Mvua ya kwetu aghalabu huanzia juu msituni, hata mtu wa Rundugai, kule tambarare, aweza kuwa anaanika mahindi juani ilhali mto umekwisha kufura huko juu. Basi aliye juu ndiye mwenye habari, na kumnyima jirani wa chini habari hiyo ni dhuluma.

Zamani wazee wa mfongo walipoita msaragambo, yaani kazi ya pamoja, hapakuwa na aila iliyodai haikusikia. Tufanye vivyo hivyo. Kila kitongoji kiteue watu wawili wenye redio na simu, na tahadhari ikitangazwa waipeleke mlango kwa mlango. Kengele za usharika na vipaza sauti vya misikiti vitumike, kwa mlio tuliopatana, usiofanana na ule wa msiba. Walimu wakuu wawazuie watoto shuleni mpaka mto upungue. Abiria wote washuke dereva anapotaka kujaribu kivuko, wala wasivuke kwa miguu, kwani maji ya magotini yaendayo kwa kasi humwangusha mtu mzima. Kadhalika miti ipandwe, na serikali itimize wajibu wake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi kijijini: katika mkutano mkuu ujao ulizeni wajumbe wake ni akina nani, wasimame tuwaone nyuso.

Nanyi mlio jirani na msitu, nawasihi kwa haki ya ujamaa wetu, msingoje karatasi wala amri ya mtu. Ukisikia mto umebadili sauti, hata ikiwa saa nane za usiku, mpigie simu shemeji yako wa bondeni, na asipopokea, mpigie jirani yake, usilale mpaka mtu ameitika.