Nguva: Mama Anyonyeshaye Baharini



Juma hili tunamtazama kiumbe ambaye jina lake linajulikana na kila mtoto wa pwani, ingawa ni wachache mno kati yetu waliopata kumwona kwa macho. Kiumbe huyo ni nguva. Katika ngano za mabibi zetu, nguva ni mwanamke kuanzia kiunoni kwenda juu na samaki kuanzia kiunoni kwenda chini, mwenye nywele ndefu na uzuri wa kuwapoteza mabaharia. Nguva wa kweli hana nywele ndefu wala wimbo, lakini tukimchunguza tutamkuta ni wa ajabu kuliko yule wa hadithi.

Kwanza, nguva si samaki. Ana damu moto, hupumua kwa mapafu kama sisi, na kila baada ya dakika chache hana budi kupanda juu kuvuta hewa. Mwili wake ni mnene, wenye rangi ya kijivu. Urefu wake hufika mita 3 na uzito wake huweza kufika kilo 400 na zaidi. Mkia wake umepanuka pande mbili kama wa pomboo, lakini hana pezi la mgongoni. Wajuzi wa elimu ya wanyama wanatwambia kuwa, miongoni mwa wanyama wa nchi kavu, jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na pimbi. Alama moja ya undugu huo wanawake wataitambua upesi: nguva jike, kama tembo jike, ana matiti mawili yaliyo karibu na makwapa, wala si tumboni kama ya ng'ombe au mbuzi.

Miongoni mwa wanyama wanyonyeshao, nguva ni wa pekee kwa kuwa huishi maisha yake yote baharini na chakula chake ni mimea. Hula nyasi za bahari, zile zinazoota kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi. Pua yake pana imeinamia chini, naye hupita sakafuni akizing'oa nyasi pamoja na mizizi yake, akiacha nyuma njia ndefu nyembamba mithili ya mfereji wa jembe. Mifupa yake mizito humsaidia kukaa chini bila taabu. Kwa siku moja huweza kula nyasi zifikazo kilo 40.

Tuje sasa kwenye uzazi wake, maana hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Nguva huweza kuishi hadi miaka 70, umri wa nyanya mwenye vitukuu. Jike hachukui mimba mapema. Wengine hupita miaka 10 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Mimba yake ni ya miezi 13 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Mtoto huanza kuonja nyasi akiwa na wiki chache tu, lakini huendelea kunyonya na kuandamana na mamaye kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Baada ya hapo mama huweza kukaa miaka kadhaa, baina ya 3 na 7, kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo nguva jike mmoja akifa leo, nafasi yake haizibwi mwakani, wala mwaka unaofuata.

Na wanakufa. Mnamo Desemba 2022, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilitangaza kwamba nguva wa pwani ya Afrika Mashariki wamo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na kwamba waliokomaa wamebaki chini ya 250. Wengi wao wako Bazaruto, nchini Msumbiji. Huku kwetu, tegemeo la kumwona ni maji ya Lamu na Kiunga, na hata huko kuonekana kwake ni nadra.

Asidhani mtu kwamba jambo hili haliwezekani. Nguva alikuwa na jamaa yake mkubwa zaidi katika bahari ya baridi baina ya Urusi na Marekani, mwenye urefu uliopita mita 7. Mtaalamu Georg Steller alimwona na kumwandika mwaka 1741. Kufikia mwaka 1768 wawindaji walikuwa wamemmaliza. Ilikuwa miaka 27 tu.

Huku kwetu adui wake mkubwa ni jarife. Mvuvi hutega akitafuta papa au samaki wengine, naye nguva akinaswa hushindwa kupanda kuvuta hewa, akafa kabla ya mwenye wavu kurudi. Adui wa pili ni kuharibika kwa malisho yake, kwani juya likokotwapo chini hung'oa nyasi, na matope yatokayo bara huzifunika. Hapa msiba wa nguva unaingia hadi jikoni mwetu, kwa maana tafi hula katika nyasi hizo hizo, na changu wadogo na kamba hujificha na kukulia humo. Pakiwa patupu kwa nguva, kapu la mvuvi nalo litapungua.

Tufanye nini basi? Wenye waume, ndugu na wana waendao baharini, tuzungumze nao. Jarife lisitegwe juu ya nyasi, wala lisiachwe usiku kucha bila kuangaliwa. Nguva akikutwa hai wavuni, akatiwe wavu aende zake, na habari ifikishwe kwa BMU na maafisa wa wanyamapori. Wavu hushonwa ukapona. Nasi tulio majumbani, tukiletewa nyama yake au mafuta yake kuwa ni dawa, tukatae, kwa kuwa sheria ya Kenya inakataza kumuua, na palipo na mnunuzi hapakosi muuzaji. Riziki ya bahari ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwetu, na watoto wetu wana fungu lao ndani yake.

Usiku mtakapowasimulia watoto ngano ya nguva, waongezeeni na habari hii ya kweli: kwamba yuko mama baharini, amebeba mtoto mmoja, na bado anaishi katika maji yetu.