Padre, tuanze na maombi au bodaboda?

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe, kwenye kigango kimoja upande wa Ulaya, kati ya Kilosa na Mikumi. (Ndiyo, Kilosa tuna Ulaya yetu, na kufika huko huhitaji viza.) Padre mgeni, mwalimu wa seminari, alikuwa amealikwa kuzungumza na wazazi kuhusu imani katika familia. Alizungumza nusu saa nzima, watu wakamsikiliza kwa adabu kama tunavyosikiliza wageni. Yakaja maswali, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo, padre. Swali langu ni dogo tu. Mtoto akishikwa na degedege usiku, tuanze na maombi au tuanze na bodaboda?"

Watu wakacheka. Padre hakucheka. Mimi pia sikucheka, maana nyumbani kwetu swali hilo liliwahi kujibiwa vibaya.

Mdogo wangu alishikwa na degedege akiwa na mwaka mmoja na nusu. Wazazi wetu walikuwa bado hawajafunga ndoa kanisani, kwa hiyo ubatizo wake ulikuwa unasubiri. Bibi aliogopa mambo mawili: mtoto asije akafia njiani kabla ya kubatizwa, na sindano, kwa kuwa kila mtu alijua sindano humuua mtoto mwenye degedege. Tulikesha tukisali rozari. Katekista alifika alfajiri, mtoto akabatizwa, ndipo safari ya hospitali ikaanza. Mdogo wangu yu hai, lakini sikio la kulia halisikii, na shule aliiacha mapema baada ya miaka ya kuitwa mkaidi na walimu waliodhani hataki kusikia. Malaria inayopanda kichwani huweza kuacha alama za namna hiyo. Bibi yangu hakuwa mzembe. Alimpenda yule mtoto kuliko sisi wote, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi padre akamjibu yule mama: "Bodaboda kwanza. Sala utasali ukiwa juu yake."

Halafu akaingia kwenye jambo ambalo sikulitegemea, la ubatizo. Alisema kwa sheria za Kanisa, mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, awe baba, nesi au jirani, hata asiye Mkristo, mradi anakusudia kufanya kile Kanisa linachofanya. Anammiminia maji kichwani na kumbatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Haichukui dakika. Mtoto akipona, paroko anaarifiwa na ubatizo unaandikwa.

Akawauliza wanakigango kama wanajua ile hospitali ya Kanisa pale Mikumi imepewa jina la nani. Mtakatifu Kizito, wakajibu. Na Kizito alibatizwa na nani? Kimya. Akawaeleza kuwa Kizito, kijana wa miaka kama 14, alibatizwa usiku wa hatari pale Munyonyo, Uganda, Mei 1886, na Karoli Lwanga, mlei kama wao, kwa sababu padre hakuwepo na kulipokucha walikuwa wanahukumiwa. Tarehe 3 Juni alichomwa moto Namugongo. Nimepita mbele ya kibao cha hospitali ile mara nyingi, sikuwahi kuliwaza hilo. Nilimfikiria bibi yangu na ile ndoo ya maji iliyokuwa imejaa jikoni usiku kucha.

Kuhusu sindano, padre alinigeukia akasema kuna mwandishi wa afya hapa, aseme yeye. Nilisema hivi, nanyi wazazi mnaosoma nawaambia hivyohivyo. Degedege ni dalili, wala si dege la usiku linalompitia mtoto juu. Huku kwetu malaria kali ndiyo ya kushukiwa kwanza, lakini inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, kifafa, au homa tu iliyopanda. Sindano ilipataje sifa mbaya? Mtoto hukaa siku mbili nyumbani akifukizwa moshi na kupakwa dawa, anafika hospitali hoi, anachomwa sindano, baada ya saa moja anafariki. Wanaorudi na msiba wanaikumbuka sindano. Zile siku mbili hakuna anayezitaja.

Mtoto akianza kutetemeka, mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, na safari ianze. Hata akizinduka njiani, msirudi nyumbani. Apimwe.

Mzee mmoja hakuridhika. Kama tunakimbilia hospitali, alisema, imani yetu iko wapi? Padre alimtuma afungue Yoshua bin Sira sura ya 38 akifika nyumbani. Humo mgonjwa anaambiwa asali, kisha ampishe tabibu afanye kazi yake, kwa kuwa tabibu na dawa vyote vimetoka kwa Mungu. Akaongeza kwamba Vatikano ilitoa maelekezo mwaka 2000 kuhusu sala za uponyaji, yakisema wazi kuwa kusali hakumzuii mtu kutumia tiba.

Mimi nina lalamiko moja. Haya yote yalitoka kwa sababu ya swali la mama mmoja. Nusu saa ya kwanza hayakuwemo. Viongozi wetu wa dini wakitaka kusema, wanasema: Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaonya waamini kuhusu corona wakati wengi walikuwa hawaitaji hadharani, na Machi Katibu wake Mkuu, Padre Charles Kitima, akaeleza idadi ya mapadre na masista waliofariki ndani ya miezi miwili tu. Nesi wa zahanati anaweza kueleza degedege mwaka mzima na bibi asibadilike. Padre akisema mara moja, bibi anabadilika. Kwa nini basi tungoje swali?

Kabla ya kufunga, mama mmoja wa Kiislamu, jirani wa pale kigangoni, aliyekuwa amekaa pembeni na kibakuli cha karanga, aliomba kusema. "Shikamoo padre. Maneno yako mazuri. Lakini saa nane ya usiku, nauli ya bodaboda mpaka Mikumi ataitoa nani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Padre alimtazama mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti akatoa daftari la michango, akaandika majina ya vijana wawili wenye pikipiki na namba zao za simu. Suala la fedha likaahirishwa hadi kikao cha jumuiya cha wiki inayofuata, nyumbani kwa yule mama wa karanga, kwa sababu ndiye mwenye uwanja mkubwa.