Kuritadi: Nani Mwenye Kukata Hukumu?

Katika mambo yanayozusha mabishano makali baina yetu Waislamu ni hukumu ya mtu aliyeritadi. Wako wasemao kuwa jambo hili lilikwisha kukatwa zamani; wako wasemao lingali na maneno. Mimi naona kheri tuitazame Sudan, maana huko halikuwa suala la darasani tu.

Tarehe 18 Januari 1985, mjini Khartoum, alinyongwa mzee Mahmoud Mohamed Taha, mwenye umri uliopita miaka 70. Alikamatwa kwa sababu ya karatasi iliyopinga sheria za Septemba 1983 za Rais Nimeiri. Kosa la kuritadi lilitiwa baadaye na mahakama ya rufani. Haikutimia miezi 3, Nimeiri akapinduliwa. Na mwaka 1986 mahakama ya juu ya huko huko ikaibatilisha hukumu. Lakini maiti hafufuki kwa karatasi ya korti! Mwaka 1991 adhabu ya kifo kwa murtadi ikaandikwa katika kifungu cha 126, na mwaka 2020 ikafutwa.

Ama hoja zenyewe ni hizi. Wanaoshikilia kifo hutegemea hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari, na juu yake wamesimama mafakihi wengi wa madhehebu manne. Wenzao hutaja aya ya 256 ya Suratul Baqara, inayokanusha kulazimishana katika dini, na husema kuwa Qurani haikumwekea murtadi adhabu ya kuuawa. Marehemu Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar tangu 1958 hadi 1963, alieleza kuwa wanavyuoni wengi hawathibitishi hadi kwa hadithi ya mpokezi mmoja, na kwamba ukafiri peke yake hauhalalishi damu.

Tena hata wazee walikhitilafiana. Imamu Abu Hanifa hakujuzisha mwanamke murtadi auawe; Imamu Shafi, tunayemfuata sisi wa pwani, hakumtenga mwanamke na mwanamume. Kama mlango ulikuwa umefungwa, khitilafu hii ilipitia wapi?

Pengine msomaji atauliza: yatuhusu nini? Kadhi wa Kenya hana upanga. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, tena kwa Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Lakini neno "murtadi" likitupwa ovyo barazani, mke hutiliwa shaka nikahi yake na mtoto urithi wake. Nyumba huvunjika bila ya hakimu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: masheikh wetu na walisomeshe suala hili waziwazi, kwa dalili za pande zote, wala tusiwaachie watawala na wapiga domo. Kisa cha mzee Taha kimetuonyesha kuwa hukumu ya dini ikishikwa na mwenye hofu ya kiti chake, huanza kwa karatasi ikaishia kitanzini.

Wallahu aalam.