Hojaji Iandikwe kwa Lugha Itakayoulizwa

Mwanafunzi wa jiografia katika chuo kikuu, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyanjani, hupitia somo la muundo na mbinu za utafiti. Matarajio ya somo hilo ni mengi, tena ni mazito. Hutarajiwa aibue tatizo linalotafitika, wala si mada pana isiyo na mipaka. Aoanishe malengo na maswali ya utafiti. Abuni nadharia tete inayoweza kupimwa. Ateue sampuli kwa njia atakayoweza kuitetea. Kisha aunde hojaji na kuandika pendekezo litakalosimama mbele ya wahadhiri. Hakuna hata moja kati ya masharti hayo lisilofaa. Hata hivyo, lipo sharti ambalo aghalabu husahaulika, nalo ndilo linaloyapa hayo mengine maana: hojaji iandikwe kwa lugha ambayo maswali yake yataulizwa.

Mara nyingi hojaji huandikwa kwa Kiingereza, husahihishwa kwa Kiingereza na kutuzwa alama kwa Kiingereza. Siku ya safari ikiwadia, mwanafunzi huitia mkobani na kushika njia hadi, kwa mfano, Budalang'i katika Kaunti ya Busia, ambako Mto Nzoia hukaribia kuingia Ziwa Viktoria na ambako mafuriko si jambo geni. Akiisha kukaribishwa, hulitazama swali la Kiingereza, akasita kidogo, kisha akalitamka kwa Kiswahili kinachomjia wakati huo. Katika boma la pili hulitamka kwa namna nyingine. Kufikia boma la thelathini, swali moja limekwisha kuzaa maswali matano, ilhali majibu yote hujazwa katika safu moja ya jedwali. Baadaye asilimia hukokotolewa hadi nukta mbili za desimali. Je, usahihi huo ni wa nini ikiwa wahojiwa hawakuulizwa jambo moja?

Chukua neno kaya. Katika sensa za Kenya, kaya ni watu waishio katika boma moja, wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Mwanafunzi asiyejiandaa huuliza, "Nyumbani kwako mko wangapi?" Mzee mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake, atahesabu boma zima. Jirani yake atawahesabu waliolala chini ya paa moja. Wa tatu atamjumuisha mwanawe aliyeko Nairobi, kwa kuwa kwao ni kwao. Wote watatu wamesema kweli, lakini wastani utakaotokana na majibu yao hautakuwa wa kitu chochote.

Ndivyo ilivyo pia kwa neno mafuriko. Kwa mmoja, mafuriko ni maji yaliyofika shambani. Kwa mwingine, ni yale yaliyoingia ndani na kumhamisha. Vivyo hivyo, kumwuliza mtu kuhusu "miaka 10 iliyopita" kunaweza kuleta majibu ya kubahatisha, ilhali kumwuliza kuhusu yaliyotokea baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 huipa kumbukumbu yake mahali pa kushikia. Maamuzi haya si mapambo ya lugha. Ni sehemu ya muundo wa utafiti, sawa na ukubwa wa sampuli, na mahali pake ni darasani kabla ya safari.

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za jiografia. Dai hilo halina mashiko. Nchini Tanzania, watoto wa shule za msingi wamefundishwa jiografia kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Isitoshe, mvuvi wa Lamu hutofautisha kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, bila kumsubiri mhadhiri. Wengine watasema kwamba si kila Mkenya anakimudu Kiswahili. Hilo ni kweli, na pale ambapo lugha ya mama ndiyo inayoeleweka, hojaji na itafsiriwe katika lugha hiyo kwa uangalifu uo huo. Udhaifu wa daraja moja si sababu ya kuogelea mto wenye mamba.

Kuna pia suala la haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Mkulima anayetia kidole gumba kwenye barua ya Kiingereza asiyoweza kuisoma ameridhia nini hasa? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Itakuwa ajabu iwapo lugha hiyo itakosa nafasi katika mazungumzo ya msomi na raia.

Si lazima tasnifu nzima iandikwe kwa Kiswahili. Huo ni mjadala mwingine. Yanayohitajika ni mambo matatu, nayo yatengewe alama. Kwanza, kila pendekezo liambatishwe hojaji na barua ya ridhaa kwa lugha ya nyanjani, na mtu mwingine aitafsiri upya hojaji hiyo kwa Kiingereza ili tofauti za maana zidhihirike. Pili, ijaribiwe kwa watu wachache wasiokuwamo katika sampuli. Tatu, muhtasari wa matokeo, hata wa ukurasa mmoja, urudishwe kwa waliohojiwa na usomwe katika baraza la chifu.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili nao wana wajibu. Wanajifunza nadharia za tafsiri mwaka baada ya mwaka, huku wenzao wa jiografia, walio jengo la pili tu, wakihangaika na maswali yasiyoulizika. Vyama vya Kiswahili vyuoni vikifungua milango na kuzipitia hojaji hizo, pande zote mbili zitafaidi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini anayeuliza kwa lugha isiyoeleweka hana haki ya kulalamika akijibiwa asichokiuliza.